Hana koleo, hana macho, tena anazaa: mdudu wa panya buku ni wa ukoo gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya sayansi, na nyumbani kwetu ni Muheza. Kaka yangu alinasa panya buku shambani. Tulipompulizia manyoya tukaona wadudu bapa wa rangi ya kahawia wakikimbia kama watoto wa mende. Mkufunzi wetu anasema hao ni wadudu-koleo wa familia ya Hemimeridae. Lakini mbona nyuma hawana koleo? Hawana mabawa, hawana macho, na nimesoma kwamba hawatagi mayai bali wanazaa. Wanaingiaje kwenye oda ya Dermaptera? Si wangepewa oda yao wenyewe? Na je, wana madhara?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako yuko sahihi. Nawe usijione mjinga kwa kushangaa, maana swali hilohilo liliwasumbua wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja, na baadhi yao walijibu vile unavyotaka wewe: wakampa oda yake. Kwa ushahidi tulio nao leo, Hemimeridae ni familia iliyo ndani kabisa ya Dermaptera, yaani oda ya wadudu-koleo, na tena haiko pembezoni mwa oda hiyo. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuhakikishe tunamzungumzia mdudu mmoja.

Mdudu wako ni wa jenasi ya Hemimerus. Hemimerus mzima ana urefu wa kama sentimita moja, wengine huzidi kidogo. Mwili umebanwa juu na chini, tofauti na kiroboto aliyebanwa ubavuni. Kichwa kimeelekea mbele, macho hayapo kabisa, na vipapasio ni vifupi. Miguu ni mifupi na minene, na chini ya nyayo zake kuna sehemu za kunata zinazomwezesha kushikilia ngozi na unywele hata panya akijikuna au akipita kwenye shimo jembamba. Nyuma ana nyuzi mbili nyembamba, zilizonyooka, zenye vinyweleo. Hizo ndizo serki, viungo vilevile ambavyo kwa mdudu-koleo wa kawaida huwa koleo. Mtoto wa mende angekuwa na macho makubwa na vipapasio virefu kupita kiasi; chawa asingekuwa na nyuzi hizo wala asingekimbia kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mdudu kipofu, bapa, mwepesi, mwenye nyuzi mbili nyuma, tena yuko juu ya panya buku, ni yeye na si mwingine.

Aliyempa jina ni Francis Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, mwaka 1871, akitumia kielelezo kilichotoka Afrika Magharibi. Alimwita Hemimerus talpoides, sehemu ya pili ikimaanisha anayefanana na fuko, akamweka miongoni mwa nyenje. Walker alikuwa akitoa majina kwa maelfu ya wadudu kwa kasi ambayo hata wenzake wa enzi hiyo waliilalamikia, hivyo kumweka mdudu mahali pasipo pake halikuwa jambo la ajabu kwake.

Aliyeleta mkanganyiko mkubwa zaidi alikuwa mtu makini. Mwaka 1879 Henri de Saussure wa Geneva, baba wa yule Ferdinand de Saussure ambaye wanafunzi wa isimu humsoma mpaka leo, aliangalia kinywa cha mdudu huyu na kuamini kwamba ameona midomo miwili ya chini. Wadudu wote huwa na mdomo mmoja wa chini. Mdudu mwenye miwili asingeweza kukaa katika oda yoyote iliyojulikana, kwa hiyo Saussure akamuundia oda mpya, Diploglossata. Kwa mantiki hakukosea hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwenye macho na kwenye kielelezo kikavu. Mwaka 1894 Hans Jacob Hansen wa Denmark, aliyekuwa fundi hodari wa kupasua viungo vidogo vya wadudu na jamaa zao, alionyesha kwamba mdomo wa pili haupo. Kinywa ni cha kutafuna, cha kawaida, cha mpangilio uleule wa wadudu-koleo. Hansen huyohuyo alieleza pia kwamba jike hubeba watoto tumboni.

Hapo sababu ya kuwa na oda ya pekee ilikuwa imekufa, ila jina la oda lilibaki likizungukazunguka. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu viligawanya Dermaptera walio hai katika mafungu matatu: Forficulina, yaani wadudu-koleo wote wa kawaida, Hemimerina wa panya, na Arixeniina wanaoishi na popo wa Asia ya Kusini-Mashariki. Bado walikuwepo waliotaka Hemimerina watolewe kabisa, ndiyo maana mwaka 1974 E. T. Giles alilazimika kuchapisha hoja ndefu, zenye hesabu za kulinganisha sifa moja baada ya nyingine, za kutaka warudishwe.

Sasa tuje kwenye koleo, maana ndilo linalokukera.

Koleo ni serki zilizokuwa ngumu na kupoteza pingili zao. Je, kila mdudu-koleo analo koleo maisha yake yote? Hapana. Chukua familia ya Diplatyidae. Tunutu wao, yaani watoto ambao hawajakomaa, wana serki ndefu, laini, zenye pingili nyingi, unaweza kudhani ni vipapasio vilivyohamia mkiani. Hukua nazo hivyohivyo, kisha katika kujivua ngozi kwa mara ya mwisho zinageuka koleo. Familia ya Karschiellidae, ambayo ni ya Afrika peke yake, nayo ina tunutu wenye serki za pingili. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye visukuku vya kipindi cha Jura, unakuta jamaa wa kale wa oda hii wenye serki ndefu za pingili hata wakiwa wazima. Kwa hiyo koleo lilikuja baadaye katika historia ya ukoo, na katika maisha ya baadhi yao huja baadaye pia. Ukiweka sharti kwamba asiye na koleo si wa Dermaptera, itabidi umfukuze mtoto wa Diplatys ndani ya oda ya mama yake mpaka atakapokomaa.

Hiyo haimaanishi kwamba Hemimerus ni babu wa wadudu-koleo aliyehifadhi serki za zamani. Wapo waliofikiri hivyo, na ni wazo linalovutia, lakini serki zake hazina pingili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huyu ni mdudu aliyekomaa huku akibaki na sifa za utoto. Mabawa na koleo ni viungo ambavyo kwa wadudu-koleo hukamilika kadiri wanavyokua. Yeye huanza kuzaa bila kuvikamilisha. Na kwa nini avikamilishe? Koleo hutumika kujihami, kukamata mawindo, kupigana kwa ajili ya jike, na kwa baadhi ya spishi kusaidia kukunja mabawa makubwa yaliyokunjwa mara nyingi chini ya vifuniko vidogo. Ndani ya manyoya ya panya hakuna windo wala bawa la kukunja. Koleo lingekuwa kitu cha kunaswa tu kwenye nywele.

Kuhusu kuzaa, hapa ndipo mdudu huyu anaponifurahisha kuliko popote. Mwaka 1909 Richard Heymons wa Berlin alitoa taarifa ambayo kichwa chake tu kilitosha kuwashangaza watu: kondo la nyuma ndani ya mdudu. Yai la Hemimerus halina akiba ya kiini cha chakula wala ganda. Haliendi popote, linabaki ndani ya kijifuko cha ovari lilimoanzia, na kiinitete kinakua humohumo. Tishu za mama zilizokizunguka zinanenepa na kugusana na tishu za kiinitete, na lishe inapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sisi tunaliita kondo bandia, kwa sababu halitokani na tishu zilezile zinazotengeneza kondo la nyuma la wanyama wanaonyonyesha, lakini kazi ni ileile. Watoto huzaliwa mmoja mmoja, wakubwa, wakiwa tayari kukimbia na kujishikiza. Yai lililotagwa juu ya mnyama anayejilamba na kujikuna usiku kucha lingekuwa na maisha mafupi.

Ni jambo la ajabu, nakubali, lakini hata hili halimtoi katika oda. Oda hii ina mwelekeo huo katika matawi mengine. Wadudu-koleo wa kawaida hutaga, kisha jike hukaa na mayai yake, huyageuza na kuyalamba yasiote kuvu, na hulinda watoto kwa siku kadhaa baada ya kuanguliwa. Marava arachidis wa familia ya Spongiphoridae, mdudu wa maghala ambaye jina lake limetokana na karanga, amekwenda hatua moja mbele: mayai yanakaa tumboni mpaka yakaribie kabisa kuanguliwa. Arixenia wa popo anazaa kwa kulisha watoto ndani kama Hemimerus, ingawa mpangilio wa viungo vyake si uleule. Kwa hiyo ukisema "anazaa, basi si wetu", utamkata na Arixenia, na mpaka wa kumkata Marava utauweka wapi?

Tukiacha yale asiyokuwa nayo, Hemimerus anazo sifa nyingi za ukoo. Wayo wake una pingili tatu, kama wadudu-koleo wote walio hai. Jike hana mrija wa nje wa kutagia. Pingili za tumbo zinalaliana kama vigae, na jike ana bamba za chini zinazoonekana chache kuliko dume, jambo linalokusaidia kutenganisha jinsia ya wadudu-koleo hata bila hadubini nzuri.

Kisha vikaja vinasaba. Mwaka 2005 Jarvis, Haas na Whiting walichapisha mti wa ukoo wa wadudu-koleo uliounganisha sifa za mwili na jeni, na Hemimerus akaangukia ndani ya kundi, katikati ya wale tuliowaita wa kawaida. Mwaka 2013 Petr Kočárek na wenzake kutoka Jamhuri ya Cheki walipima kwa mara ya kwanza jeni za wa panya na wa popo kwa pamoja. Matokeo yao yaliwaweka Hemimeridae karibu na Forficulidae, familia ya mdudu-koleo maarufu wa Ulaya, na Arixeniidae karibu na Chelisochidae. Ni nani hasa aliye jirani wa karibu kabisa bado panabishaniwa, na mimi nisingekushauri ukariri jibu moja kwa ajili ya mtihani. Lisilobishaniwa sana ni kwamba wa panya na wa popo si ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja alihamia kwa mnyama wake peke yake, akapoteza mabawa peke yake, akaanza kuzaa peke yake. Kwa maoni yangu hilo linashangaza kuliko oda yoyote mpya ambayo tungeweza kumpa.

Ndiyo maana mafungu yale matatu ya zamani yameachwa. Yalikuwa na kasoro moja kubwa: Forficulina lilikuwa fungu la "wengine wote". Ukimtoa Hemimerus, aliye binamu wa karibu wa Forficula, halafu ukamwacha Forficula pamoja na Diplatys aliye mbali naye zaidi, umeunda kundi ambalo si ukoo. Siku hizi wote walio hai huwekwa katika Neodermaptera, na ndani yake Hemimeridae na Arixeniidae ni familia mbili kama nyingine, kando ya Labiduridae, Anisolabididae, Spongiphoridae na wenzao. Si wao tu walioshushwa cheo. Mchwa walikuwa na oda yao, Isoptera, mpaka ilipothibitika kwamba wamechipuka ndani ya mende. Sasa wako Blattodea. Chawa nao wameingizwa kwenye oda moja na vile vidudu vidogo vinavyokula vitabu vya zamani. Mdudu akibadilika sana umbo kwa sababu ya maisha yake mapya, macho yetu humpa cheo kikubwa kuliko ukoo wake unavyostahili.

Kama unataka kuzizoea familia nyingine za oda hii, anzia kwenye wayo wa mdudu wa kawaida, pingili ya pili. Ikiwa imetanuka pande zote mbili kama moyo, huyo ni Forficulidae. Ikiwa imetoa kipande chembamba kinachopita chini ya pingili ya tatu, ni Chelisochidae. Isipofanya lolote kati ya hayo, endelea kutafuta kwingine. Friedrich Zacher mwaka 1911 aliongeza kipimo ambacho bado kina uzito: uume wa dume. Familia za kale, kama Diplatyidae, Labiduridae na Anisolabididae, zina ncha mbili, na zile tatu za Spongiphoridae, Chelisochidae na Forficulidae zina moja. Huhitaji kwenda mbali kuwapata. Geuza mapande ya miti na mwani mkavu ufukweni Tanga utafute Labidura riparia, mkubwa, wa rangi ya mchanga. Fungua funeli la mhindi shambani utafute Diaperasticus, mwenye kichwa chekundu, ambaye hula mayai na viwavi wachanga wa bungua, yule mdudu anayetoboa mabua. Mkulima anayempuliza dawa huyo anamuua askari wake.

Turudi kwa panya. Familia ya Hemimeridae ina jenasi mbili tu. Hemimerus, yenye spishi zipatazo kumi, huishi juu ya panya buku, jenasi Cricetomys. Araeomerus, yenye spishi mbili, huishi juu ya Beamys, panya mwingine mwenye vifuko vya mashavuni lakini mdogo zaidi, wa Afrika Mashariki na kusini yake, na katika kiota chake. Familia yote iko Afrika kusini mwa Sahara, kwa sababu panya hao ndiko waliko. Na hapo Muheza una bahati kuliko unavyojua: spishi mojawapo, Hemimerus vosseleri, ilipewa jina mwaka 1936 na akina Rehn, baba na mwana wa Philadelphia, kwa heshima ya Julius Vosseler, aliyefanya kazi katika taasisi ya Wajerumani pale Amani, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Amani iko wilayani kwenu.

Kutambua spishi kunahitaji hadubini na subira, na kuna mtego. Maandishi ya zamani humtaja mwenyeji karibu kila mara kama Cricetomys gambianus, kana kwamba panya buku ni mmoja kutoka Gambia hadi Tanga. Leo jenasi hiyo imegawanywa. Wa kwetu Tanzania, pamoja na wale wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huitwa Cricetomys ansorgei. Hata Magawa, yule aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, magazeti mengi yalimwita panya wa Gambia ingawa alizaliwa Tanzania. Kwa hiyo orodha za zamani za "mdudu fulani kwenye panya fulani" zisome kwa tahadhari, kwa sababu jina la panya limebadilika huku kielelezo cha mdudu kikiwa kilekile kabatini.

Madhara? Kwako, hakuna. Kinywa chake ni cha kutafuna. Hana sindano ya kufyonzea damu kama kiroboto. Chakula chake ni mba, yaani magamba ya ngozi ya panya yanayobanduka, pamoja na kuvu wanaoota juu ya ngozi hiyo. Akikurukia mkononi atatafuta namna ya kurudi kwenye manyoya. Kama anamdhuru panya au anamsafisha ni jambo la mjadala. Mimi humwita mpangaji, simwiti mnyonyaji. Wa kuogopwa juu ya panya wa porini ni viroboto. Lushoto, mlima wa jirani, ilipata mlipuko wa tauni mwaka 1980 na ugonjwa ukarudi tena na tena kwa miaka mingi. Mwambie kaka yako asimshike panya kwa mikono mitupu, na akikuta panya kadhaa wamekufa bila sababu, asiwaguse bali atoe taarifa kituo cha afya.

Ukipata panya mwingine, mweke pamoja na mtego wake ndani ya mfuko mweupe wa kitambaa, au juu ya beseni jeupe, kisha chana manyoya kwa brashi ngumu kuanzia mgongoni kwenda mkiani. Wadudu wataanguka na utawaona mara moja kwenye weupe. Watie kwenye spiriti ya asilimia 70 kama unataka kuangalia umbo. Kwa kazi ya DNA tafuta ya asilimia 95 au zaidi, na usiwachanganye wa panya wawili kwenye chupa moja. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa, maana spiriti hufuta wino: kijiji, tarehe, aina ya mazingira, na panya gani. Mpige panya picha nzima, pamoja na mkia, upime urefu wa mwili na wa mkia kila mmoja peke yake. Bila hivyo mtu atakayefungua chupa yako baadaye hataweza kujua kama mwenyeji alikuwa Cricetomys au Beamys, na kwa familia hii hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza.